Kiganja cha Msabaha

Nchi hii ipo. Usije ukaambiwa ni ya zamani, maana ukienda leo utaikuta, na ukifika mpakani utaulizwa upana wa simu yako kabla ya kuulizwa jina. Wenyewe waliiita Nchi Pana, ingawa kwenye ramani ilikuwa nyembamba na ndefu mithili ya mkanda wa suruali, na kiongozi wao walimwita Baba wa Upana.

Maendeleo huko yalipimwa kwa simu. Kila mwaka, Siku ya Kioo, Baba wa Upana alipanda jukwaani akafunua kitambaa cha hariri, na chini yake ikaonekana simu mpya iliyoizidi ya mwaka uliopita kwa upana wa kidole. Bendi ilipiga, watu wakashangilia, kisha wakarudi nyumbani kutafuta mahali pa kuiweka. Mafundi cherehani walipanua mifuko mpaka suruali zikawa mifuko mitupu, halafu wakakata tamaa, na watu wakaanza kuzibeba simu kwapani kama trei za mayai. Wenye mikono mifupi walishauriwa na Wizara ya Afya wafanye mazoezi ya kujinyoosha.

Sababu yake ilikuwa ya kizalendo. Simu yoyote ilipowashwa ilionyesha kwanza picha ya Baba wa Upana akiwa amesimama, kuanzia kofia hadi viatu, na sheria ilikataza kumkata kiongozi mahali popote. Kioo kikiwa kidogo, ama kofia inapotea ama viatu. Kuna fundi mmoja aliyethubutu kuunda simu ndogo ambayo picha yake iliishia magotini. Alishtakiwa kwa kosa la kumkata Baba miguu, na mpaka sasa yumo ndani, akisubiri miguu hiyo iote ndipo atolewe.

Lakini tusiisingizie serikali peke yake, maana wananchi nao walikuwa na sinia. Mgeni akibisha hodi alikuta mlangoni sinia la shaba lililotandikwa kitambaa cheupe, na humo aliweka simu yake kabla ya kuvua viatu. Mwenye nyumba alitupa jicho kwenye sinia akajua amkaribishe wapi. Mwenye simu pana alikalishwa kwenye kochi, mwenye ya wastani akapewa kiti cha mbao, na mwenye nyembamba akaonyeshwa mkeka karibu na mlango wa jikoni, na chai yake ikaja bila kitafunio. Hakuna aliyekumbuka desturi hii ilianza lini. Kila mtu aliichukia akiwa mgeni na kuifurahia akiwa mwenyeji.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyeyapenda masimu yale. Vifundo viliwauma, vidole vikafa ganzi, na aliyesoma habari kitandani aliamka na alama ya kioo usoni. Ukiwakuta watu wawili peke yao, mazungumzo yaliishia kwenye lalamiko hilo hilo. "Jamani, laiti ingekuwepo ndogo," mmoja atasema, na mwenzake ataangalia huku na huku kwanza, kisha ataitikia.

*

Siwema naye alisema hivyo, ila yeye alikuwa na sababu kubwa kuliko wengi.

Mumewe, Msabaha, alikuwa dalali wa mnada wa nguo za mitumba, mwenye sauti ya kuvuka soko na kurudi. Aliwahi kumuuzia mtu mwenye mikono miwili koti la mkono mmoja, akamshawishi kwamba mkono wa pili utapata upepo, na yule mtu akaondoka anashukuru. Tena alikuwa na kipaji kingine. Akiitazama nguo mara moja, hata kabla hajaigeuza, alijua imechanika wapi kwa ndani. Wachuuzi walisema macho ya Msabaha yana vidole.

Kisha kikaja kiharusi. Kilichukua upande wa kulia pamoja na ulimi. Kabla mwenyewe hajazoea, kikarudi mara ya pili kuchukua kilichosahau, na kilipoondoka kilikuwa kimemwachia macho, masikio, akili zake zote, na kiganja cha mkono wa kushoto chenye dole gumba linalomtii. Mkono wenyewe haukunyanyuka. Ulilala juu ya mto kama kitu cha kuazima.

Kilichomwokoa ni simu ndogo. Ilikuwa ya zamani, ya kabla ya enzi ya upana, wakati Baba alikuwa bado naibu waziri na alionyeshwa kichwa tu. Ukubwa wake ulikuwa wa kipande cha sabuni kilichotumika nusu, na ilikaa kiganjani mwa Msabaha kama iliyozaliwa humo. Kila asubuhi Siwema alimpachikia, na dole gumba likaanza kazi.

Akiwa jikoni alisikia simu yake mwenyewe inalia. *Chai haina sukari, au nimepoteza na ulimi wa kuonjea?* Baadaye tena: *Jirani anakaanga samaki. Mwambie nimenusa, asije akakana.* Na siku moja ya mvua, alipokuwa na uchovu wa kumgeuza na kumwosha: *Mnada, mnada! Mume mmoja, upande mmoja bado mzima. Nani anaanza?* Siwema alicheka peke yake mbele ya jiko mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea. Alimpenda mtu yule. Alikuwa amebaki sauti tu, na sauti yenyewe ilikuwa ndani ya kidubwasha kile.

Walikuwa na binti mmoja, Hidaya, na Hidaya alikuwa amepata mchumba. Kijana aliitwa Mbaruku, mtoto wa pekee wa Bi Ghanima, mama mwenye nyumba ambayo sinia lake lilikuwa meza nzima. Alasiri moja Mbaruku alikuja kumsalimia mzee. Aliketi karibu na kitanda, akamwamkia kwa adabu, akamsifia nyumba na watoto wa mtaani na hali ya hewa, akacheka pale panapochekwa, akaaga. Msabaha alikuwa amemtazama muda wote. Mlango ulipofungwa tu, simu ya Siwema ililia.

*Huyu kijana nina neno naye. Fupi. Nitamwambia mwenyewe siku ya posa.*

Siwema akaja chumbani anafuta mikono kwenye kanga. "Neno gani, baba Hidaya? Si uniambie na mimi?"

Dole gumba likaanza kuandika. Hapo hapo ile simu ndogo ikapata joto, mgongo wake ukaumuka kama andazi, kioo kikawaka mara moja na kuzimika.

*

"Mama, betri ya hii haitengenezwi tena," fundi alimwambia. "Hata ningesema nikuibie, sina pa kuiiba."

Siwema akajaribu kumpa mumewe simu yake. Ilikuwa ya upana wa miaka ya nyuma, nyembamba mno kwa sinia la watu lakini kubwa mno kwa kiganja kile. Kwanza ilimwangukia kifuani. Alipoiegemeza kwa mito, dole gumba lilitambaa mpaka likafika katikati ya kioo na kukwama, herufi za upande wa pili zikawa mbali kama mji wa ng'ambo. Kwa herufi alizozifikia Msabaha aliweza kuandika *sawa*, na *sera*, na *baraza*, na *barabara*. Aliweza kuzungumza vizuri kabisa kama diwani, lakini hakuweza kuomba maji.

Siwema alisikia kwamba serikali imewafikiria wenye shida hiyo, na kwamba ndani ya kila simu kuna huduma iitwayo Mkono Mmoja, inayosogeza herufi zote upande mmoja. Ilikuwepo kweli. Kuiwasha ilibidi ubonyeze pembe mbili za kioo kwa mikono miwili na kuendelea kubonyeza muda wote wa kuandika.

Wakaanza kutumia kidole. Siwema aliweka kidole chake cha shahada ndani ya kiganja cha mumewe, akataja herufi, a, be, che, de, na ilipofika aliyoitaka Msabaha akambana. Neno "uji" lilichukua muda wa uji wenyewe kupoa. Mzaha nao ukitajwa herufi moja moja hufia njiani, na mara nyingi Msabaha alilala usingizi wa uchovu kabla neno halijaisha. Baada ya siku chache akawa anabana kwa mambo ya lazima tu, maji, joto, nigeuze. Siwema alipomuuliza neno la Mbaruku, hakubana. Alifumba macho. Alitaka kulisema mwenyewe, mbele ya kijana, kwa mpigo mmoja, kama alivyokuwa akiuza sokoni.

"Basi nitakutafutia simu," Siwema alimwambia. "Utalisema, wallahi."

*

Minong'ono ya wananchi kuhusu simu ndogo ilikuwa imefika serikalini, na serikali ikaitisha Baraza la Kupima Matakwa. Ukumbi ulijaa. Mbele alikaa Mheshimiwa Tarazo Ngwamba, Waziri wa Vioo na Upana, na pembeni yake Bwana Kitundu, meneja wa kiwanda cha taifa cha simu.

"Ndugu wananchi," alianza Waziri, "serikali yenu sikivu haipendi minong'ono. Inapenda sauti. Kwa hiyo leo ninawaruhusu mnong'one kwa sauti. Nisisitize tu kwamba upana ndio roho ya taifa. Taifa dogo ndilo lenye simu ndogo. Mimi binafsi siwezi hata kufikiria kubeba kitu ambacho..."

Hapo kikalia kitu. Mlio ulitoka miguuni pake, ndani ya soksi ya kushoto, ukaendelea kwa muda huku Waziri amesimama kimya akitazama dari. Ulipokoma alijikohoza na kuendelea. Magazeti ya siku iliyofuata yaliwaeleza wananchi kwamba kilicholia ni nyenje.

Kura ikapigwa kwa simu. Swali lilikuwa rahisi: "Unataka simu pana au ndogo?" Ila mwenye simu ya wastani aliona jibu la "pana" peke yake, kwa sababu jibu la "ndogo" liliangukia nje ya kioo. Pana ikashinda kwa kishindo, na Waziri alikuwa ameshaanza kuwashukuru wananchi aliposimama Siwema.

Hakuwahi kusema mbele ya watu. "Mheshimiwa, samahani. Mimi nina mgonjwa. Amebakiwa na kiganja tu. Simu zenu haziingii kwenye kiganja. Sitaki kulitukana taifa. Nataka mume wangu aseme."

 Bwana Kitundu alivua miwani na kuifuta polepole, na lazima ikubaliwe kwamba alijibu kiungwana.

"Mama, nisikilize. Mimi si mtu mbaya. Kila mwaka nawatuma vijana wangu wawaulize watu, na watu wote wanasema wanataka ndogo. Wanaapa. Wengine wananisihi kama wewe. Kisha nafungua duka, na watu wale wale wanapita mbele ya zile za mwaka jana, zilizo ndogo kidogo, wanakwenda kuchukua pana. Mdomo wa mteja na mkono wa mteja havijuani. Mashine ya kutengenezea ndogo inakula moto ule ule, mafundi wale wale, halafu mzigo utalala ghalani na mimi nitalaumiwa. Nikutengenezee wewe peke yako?"

"Si mimi peke yangu," alisema Siwema, akageuka kuwatazama watu. "Si mimi peke yangu, jamani?"

Mkono mmoja ukanyanyuka kule nyuma, ukafuatwa na mwingine, na mwishowe ukumbi mzima ulikuwa mikono mitupu, mingine imefungwa bandeji ya vifundo. Mzee mmoja alilia waziwazi. Waziri alitazama msitu ule, akainong'oneza soksi yake kuiomba ushauri wa haraka, akatangaza kwamba serikali imekubali jaribio.

Simu ndogo zitatengenezwa shehena moja. Siku ya Majaribio zitagawiwa uwanjani kwa madirisha mawili, la pana na la ndogo, na kila kaya itachukua simu moja tu, ile inayoitaka. Kwa kuwa serikali haina siri, jina la mchukuaji na dirisha lake vitatangazwa kwa kipaza sauti, naye atapita mbele ya majukwaa akiwa na simu yake kwenye sinia kama mila zinavyotaka. Atakayebadili nia atakuja kesho yake kwenye dirisha la kubadilisha. Wananchi wakizichukua ndogo, kiwanda kitaendelea kuzitoa. Wasipozichukua, kalibu ya kuzitengenezea itayeyushwa.

Baba wa Upana mwenyewe alikubali kupigwa picha mpya akiwa ameketi, ili viatu vyake vitoshe kwenye kioo kidogo. Redio ilieleza kwa masikitiko jinsi kiongozi alivyoketi kwa ajili ya taifa.

*

Bi Ghanima aliposikia Siku ya Majaribio imetangazwa kuwa sikukuu, alituma ujumbe kwamba posa italetwa alasiri ya siku hiyo hiyo, maana siku za upana zina baraka.

Asubuhi Siwema alimwosha mumewe, akamnyoa, akamvika kanzu iliyokuwa ikisubiri sandukuni. Hidaya alimchana nywele baba yake zile chache. "Baba, leo utanisemea vizuri?" aliuliza, na Msabaha alimtazama binti yake kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe.

"Leo utasema," Siwema akamwambia. "Nikirudi tu, utasema."

Nusu ya uso wa Msabaha ikatabasamu. Kiganja kikafunguka chenyewe juu ya mto, kikabaki wazi.

Uwanjani, foleni ya dirisha la ndogo ilizunguka mpaka nje ya geti. Siwema aliingiwa na furaha alipoiona, ingawa hakuelewa kwa nini kila mtu alikuwa anajieleza. "Mimi namchukulia bibi yangu," alisema mwanamke aliyekuwa mbele yake. "Mimi nimekuja kuona tu," alisema aliyekuwa nyuma. Mwanamume mwenye bandeji alisema anachukua kwa utafiti.

Dirisha likafunguliwa. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja mnene mwenye tai. Kipaza sauti kikanguruma jina lake, jina la baba yake na mtaa wake, kisha kikasema: "Ndogo." Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Hakuna aliyemzomea. Mtu mmoja alikohoa, mtoto akacheka, mke wake kule jukwaani akajifunika mtandio. Yule bwana alisimama na sinia lake, na juu ya sinia simu ilionekana kama punje ya haragwe iliyosahauliwa baada ya kula.

"Nimekosea dirisha," alisema, akairudisha, akavuka kwenda kwenye foleni ya pili.

Baada ya hapo foleni haikuvunjika kwa mkupuo, ilipungua. Mmoja alikumbuka kwamba bibi yake alishafariki. Mwingine alikwenda kununua maji na kuonekana baadaye kwenye dirisha la pana. Yule wa utafiti alisema utafiti umekamilika. Siwema akajikuta anasogea mbele bila kupiga hatua, kwa sababu waliokuwa mbele yake walikuwa wanakwisha.

Ndipo akaitwa kutoka jukwaa kuu. "Mkwe wangu!" Bi Ghanima alikuwa ameketi kwenye kivuli na dada zake, anajipepea kwa simu ya mwaka huo, na upepo wake ulifika mpaka mstari wa nyuma. "Umekuja kuchukua simu ya leo? Tumeshakwambia tutakuwa wengi, hata mjomba wake Mbaruku anakuja. Sinia lako ulipambe, maana siku ya posa simu inayotazamwa ni ya mwenyeji." Dada zake wakageuza shingo wote pamoja kutazama Siwema amesimama dirisha gani.

Aibu ilimvaa Siwema kuanzia nyayoni. Alimwona Hidaya ameketi kwenye mkeka wa mlango wa jikoni katika nyumba ya watu, miaka yote ya ndoa yake, anapewa chai tupu. Alikiona pia kiganja kilichofunguka juu ya mto. Vyote viwili alivitazama, na kwa haki lazima isemwe kwamba alivitazama kwa muda.

Kisha akapiga hesabu yake kichwani. Dirisha la kubadilisha litafunguliwa kesho. Watu walionyanyua mikono barazani ni wengi, hawawezi kukosekana wa kuzichukua ndogo na kuinusuru kalibu. Yeye achukue pana kwa alasiri hii moja tu, posa ipite, asubuhi ailete abadilishe. Na neno la Msabaha ni fupi, mwenyewe alisema. Neno fupi linaweza kusubiri siku moja.

"Hapana, mwenzangu, nilikuwa namsindikiza mtu," alimwambia Bi Ghanima, akavuka.

*

Sinia lilipambwa likapendeza. Simu mpya ya Siwema ilijaa mpaka ikatokeza kingo zote, na wageni waliingia wakaitazama kwa heshima na kuketi kwenye makochi yaliyoazimwa. Msabaha alikuwa ameegemezwa kwa mito katikati yao. Siwema alipoingia alikuwa amemkwepa macho, akamwinamia sikioni. "Kesho, baba Hidaya. Naapa, kesho asubuhi."

Kiganja kilikuwa bado wazi. Kilijifumba taratibu.

Mambo yalikwenda vizuri mno. Mjomba alizungumza kwa ufasaha, mahari yakakubaliwa, Mbaruku akacheka pale panapochekwa. Ndipo mjomba akasema kwamba lililobaki ni kauli ya baba, na kwamba wamesikia mzee huwa anaandika, na simu nzuri kama ile ipo, basi aletewe aandike mbele ya mashahidi.

Hakuna aliyeweza kukataa. Wanaume wawili waliinyanyua simu kutoka kwenye sinia, wakaiegemeza juu ya mapaja ya Msabaha na kukiweka kiganja chake ukingoni. Baba wa Upana alitokea kwanza, kofia mpaka viatu, wote wakasimama kidogo kumheshimu. Kisha zikatokea herufi, kubwa na nzuri, zimetapakaa kutoka paja hadi paja.

Msabaha alimtazama Mbaruku. Alimtazama kama alivyokuwa akizitazama nguo. Dole gumba lilianza kutambaa kuelekea upande wa pili wa kioo, likanyooka mpaka ngozi ikawa nyeupe, likatetemeka, likakwama. Likarudi. Likajaribu tena kwa njia ya chini. Jasho lilimtoka kwenye nusu ya uso. Siwema alitaka kusimama aseme, "Subirini, ana neno, mimi ndiye niliyemnyima," na maneno yalikuwa yamefika kooni, lakini Bi Ghanima alikuwa anamtabasamia, na sinia lilikuwa pale linang'aa.

Dole gumba likapumzika. Halafu, polepole, likabonyeza pale lilipoweza kufika.

*Sawa.*

Vigelegele vilipasua nyumba. Mjomba alilia kwa furaha. Mwandishi wa gazeti la serikali, aliyekuwa akipita, alipiga picha, na ilitoka ukurasa wa mbele: mgonjwa asiyejiweza atoa ridhaa ya ndoa kwa kutumia kioo kipana. Chini yake Waziri alinukuliwa akisema kwamba hiyo ndiyo sauti halisi ya mwananchi.

*

Alfajiri Siwema alikuwa njiani, simu amejitwisha kichwani. Alidhani atakuwa wa kwanza kwenye dirisha la kubadilisha. Alikuta foleni imezunguka mpaka nje ya geti.

Alimwona yule bwana mnene wa tai. Alimwona mwanamke wa bibi aliyefariki, na mwanamume wa utafiti, na yule mzee aliyelia barazani. Wote walikuwa na masimu mapana kwapani, wote wamekuja kubadilisha, na kila mmoja alipomtazama mwenzake alielewa papo hapo kwamba jana hakuna hata mtu mmoja aliyechukua ndogo. Walikuwa wameachiana.  Baada ya muda mtu mmoja akasema kwamba kusema kweli kioo hiki kinaonyesha vizuri, na wengine wakadakia haraka kwamba hasa, kinaonyesha vizuri sana.

Dirisha halikufunguliwa. Kwenye kipaza sauti Waziri alitangaza kwamba jaribio limekamilika kwa mafanikio, na kwamba imethibitika kisayansi hakuna mwananchi anayehitaji simu ndogo. Kalibu imeyeyushwa usiku. Simu zenyewe zimesagwa kokoto za kutengenezea njia ya kupitia Baba wa Upana siku za sherehe, isipokuwa chache zilizopelekwa mahali ambapo hapakutajwa. "Serikali ilikuwa tayari kusikiliza," alimaliza. "Wananchi ndio hawakusema."

Bwana Kitundu alikuwa amesimama kando ya geti. Siwema alipopita walitazamana, na meneja aliinamisha kichwa kama mtu aliyeko msibani. Hakuwa na furaha ya kushinda. Huenda naye vifundo vilimuuma.

Alifika nyumbani jua likiwa limekwisha kupanda. Hidaya alikuwa uani, anaimba, anapima vitambaa vya harusi. Siwema akaingia chumbani, akaliegemeza lile simu ukutani, akaketi ukingoni mwa kitanda. Msabaha alikuwa macho.

"Baba Hidaya, zimekwisha," alisema. "Hazipo tena. Nilivuka mimi mwenyewe, kwa miguu yangu. Nisamehe." Akasubiri, kama vile angejibiwa. "Harusi bado. Niambie mimi hilo neno. Nitampelekea yule kijana, nitamsomea mbele ya mama yake, hata wakinikalisha mkekani. Tutakwenda pole pole, hata ikichukua siku nzima."

Akaingiza kidole chake cha shahada ndani ya kiganja cha mumewe. Kilikuwa na joto kama siku zote.

"A," alisema. "Be. Che. De."

Msabaha alikuwa anamtazama. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"E. Fe. Ge. He."

Nje Hidaya alicheka na jirani. Siwema alitaja herufi zote, moja moja, akiacha nafasi baada ya kila moja, nafasi ya kutosha mtu mchovu kufikiri na kuamua, mpaka akafika ye, akafika ze. Kidole chake hakikubanwa.

Akakisogeza vizuri zaidi katikati ya kiganja, akaanza tena.

"A," alisema.